Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tamthilia ya Kinjeketile na Chuo Kikuu chenye Mataifa Mengi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husikika sana katika hotuba za kukaribisha wageni, na mara nyingi msemaji huishia kwenye nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili, ile ya kupona kwa mwenyeji, huachwa ijitimize yenyewe. Lakini wahenga walipoziunganisha nusu hizo mbili waliweka sharti. Ugeni huwa na heri pale tu mwenyeji anapopata nafuu kwa kuja kwa mgeni. Na nafuu hiyo haipatikani kama mwenyeji hana nyumba, hana jiko, wala hana lugha ya kumkaribishia mtu.

Katika makala haya nakusudia kuipima methali hiyo mahali ambapo mataifa hukutana kila siku, yaani katika chuo kikuu. Siku hizi vyuo vyetu vinahimizwa vijifungue kwa dunia: vipokee wanafunzi na walimu kutoka nje, viwapeleke wetu huko, na vishirikiane na vyuo vya nchi nyingine katika utafiti. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, kwa nia kwamba mwanafunzi aweze kuvuka mpaka na masomo yake yakatambuliwa upande wa pili. Hakuna mzalendo wa kweli atakayelipinga jambo hilo. Swali linalobaki ni hili: watu wenye mila, lugha na dini mbalimbali wakishawekwa chini ya paa moja, ni kitu gani kitakachowafanya wawe jamii moja ya wasomi, na mwenyeji wao atapona vipi?

Swali hili laweza kujibiwa kwa taarifa za ofisini, nami kama mtumishi wa serikali nimezisoma nyingi za namna hiyo. Hata hivyo naona liko jibu lililo kamili zaidi katika tamthilia moja iliyoandikwa na kijana wa Chuo Kikuu chetu, nayo ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Walimu na wanafunzi wengi wanaifahamu. Nawaomba tuisome upya, safari hii tukikumbuka mahali ilipozaliwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba tamthilia hii ni tunda la chuo chenye mataifa mengi, na papo hapo ni onyo kwa chuo cha namna hiyo.

Nyumba na wageni wake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14, na shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Ukizifuata tarehe hizo utaona jambo la ajabu kidogo. Chuo hiki kilikuwa cha kimataifa kabla hakijawa cha taifa. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kuingiza mataifa Mlimani ni jambo jipya la siku hizi wamesahau historia. Jambo lililokuwa jipya wakati ule, na ambalo lingali na ugumu mpaka leo, ni kumpatia mwenyeji nafasi katika nyumba hiyo.

Wageni waliokuja hawakuwa wa kubezwa. Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa na serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini, alikuja mwaka 1963 kufundisha historia. Walter Rodney wa Guyana alifundisha Mlimani mwaka 1966 hadi 1967, akarudi mwaka 1969 na kukaa mpaka 1974; kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 na wachapishaji wa London pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa mwanafunzi hapo tangu 1967 hadi 1970. Vijana wa kutoka nchi ambazo zilikuwa bado zinapigania uhuru walikaa darasa moja na vijana wa Kagera na Mtwara. Hapana shaka kwamba mchanganyiko huo uliwachangamsha wote.

Mfano ulio bora wa mchanganyiko huo ni ule wa mwaka 1968, idara ya historia ilipowatuma wanafunzi wake vijijini wakusanye kumbukumbu za wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi hiyo iliongozwa na Mtanzania, Gilbert Gwassa, na Mwingereza, John Iliffe. Wazee waliosimulia walikuwa miongoni mwa mashahidi wa mwisho, kwani miaka 63 ilikuwa imepita. Hapa methali yetu ilitimia: mgeni alileta ufundi wa kuhoji na kulinganisha habari, mwenyeji akaleta lugha, jamaa na imani ya wazee, na taifa likapata historia yake. Lau mmoja wao asingekuwapo, habari nyingi zingezikwa pamoja na wenyewe.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Mzee alisimulia kwa lugha yake au kwa Kiswahili. Kijana akaandika, akatafsiri. Na ripoti iliyopigwa chapa na kuwekwa maktaba ikawa ya Kiingereza. Mjukuu wa yule mzee, aliyemaliza darasa la saba, hakuweza kusoma maneno ya babu yake mwenyewe. Mwenyeji alitoa, na dunia ikapokea. Ila kile kilichotolewa hakikurudi nyumbani. Ni katika mazingira hayo ndipo alipotokea Ebrahim Hussein, kijana wa pwani ya kusini na mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, akaandika juu ya vita hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Maji, mafunzo na neno

Hussein mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Kinjeketile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, akawavuta watu wa makabila mengi kwa habari ya dawa ya maji, na alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kinjeketile wa Hussein ni mtu mwenye mzigo mwingine: ni kiongozi aliyeliachia neno, kisha neno likamshinda nguvu. Kwa madhumuni ya makala haya nitataja mambo matatu katika tamthilia hiyo.

Jambo la kwanza ni ule utengano unaoonekana mwanzoni. Watu wote wanateswa na shamba la pamba la Mjerumani, wote wana njaa, lakini hawawezi kukaa pamoja wakapanga jambo, kwa sababu kila mmoja anamshuku mwenzake wa kabila jingine. Yafaa tuangalie kwa makini mwandishi anaona ugonjwa uko wapi. Hasemi kwamba kosa la Mngindo ni kuwa Mngindo, wala kwamba Mmatumbi aache Umatumbi wake. Tofauti zao hazina ubaya. Ubaya ni shaka, na shaka hiyo inaondoka pale tu wanapopata kazi moja ya kuifanya kwa pamoja. Maji yanawaunganisha kwa kuwa yanawapa nia moja.

Jambo la pili ni ule ubishi juu ya wakati. Baada ya maji kugawanywa, watu wanataka vita vianze mara moja. Kinjeketile anawasihi wangoje, wafunzwe kwanza; naye Kitunda anachukua jukumu la kuwafundisha mbinu za vita. Subira inawashinda. Hapa Hussein anatofautisha vitu viwili ambavyo sisi hupenda kuvichanganya: imani iliyowakusanya watu, na mafunzo yanayowawezesha kufanya walilokusudia. Imani huja kwa siku moja, lakini mafunzo hayana njia ya mkato. Walioingia vitani wakiwa na cha kwanza bila cha pili walikutana na bunduki za mtombo, na historia inatuambia gharama yake: wanaokadiria idadi ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, hutaja kuanzia 75,000 mpaka 300,000.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo hupitwa haraka madarasani. Katika neno lile analolileta Kinjeketile kutoka majini imo ahadi kwamba baada ya Mjerumani kuondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye, akili zikimrudia, Kinjeketile mwenyewe anashtuka. Ni uhuru gani huu wa kumtoa bwana mmoja na kujikabidhi kwa bwana mwingine? Mtu anayejua historia atashtuka zaidi, maana Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita hivyo. Watu walikuwa tayari kufa kwa ajili ya uhuru, na katikati ya uhuru huo limekaa jina la mtawala aliyekwisha kuzikwa. Nionavyo mimi, hapa ndipo kilele cha tamthilia kilipo, hata kuliko pale maji yanaposhindwa kuzuia risasi. Kinjeketile anatambua kwamba neno alilolitoa lilikuwa na kitu cha wengine ndani yake, na kwamba limekwisha kutoka kinywani.

Mambo haya matatu tukiyaweka pamoja tunapata kipimo. Watu wa asili mbalimbali huwa jamii moja wanapokuwa na kazi ya pamoja, wanapokubali kulipa gharama ya mafunzo, na wanapokuwa na neno lao wenyewe. Kikikosekana kimoja, umoja unabaki kuwa maji.

Upungufu wa tamthilia

Mhakiki asiyetaja upungufu wa kazi anayoipenda hamtendei haki mwandishi wala msomaji. Mimi naona upungufu wa aina mbili.

Kwanza ni nafasi ya wanawake. Mapema katika tamthilia tunawasikia mke wa Kinjeketile na mke wa Kitunda wakizungumza juu ya shida ya chakula, na mazungumzo hayo yana uzito na ukweli wa maisha. Baada ya hapo mambo makubwa yanawahamia wanaume. Wale waliotangulia kulitaja tatizo hawaulizwi tena juu ya ufumbuzi. Penina Muhando na wenzake waliokuja kuandika tamthilia kutoka Mlimani hapo hapo waliona pengo hilo katika jamii, na Hatia ya mwaka 1972 ni ushahidi wa jinsi jukwaa lilivyoanza kumsikiliza mwanamke.

Pili ni suala la lugha. Jukwaani watu wa makabila mbalimbali wanasikilizana kwa Kiswahili bila taabu. Kwa mtazamaji wa mwaka 1969 jambo hilo lilikuwa fahari, na mwandishi alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwani alikuwa anaandikia taifa zima. Lakini katika urahisi huo kimefichwa kitu. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa na Kimatumbi, Kingindo, Kipogoro na Kingoni, na sehemu ya kazi ngumu ya kuungana ilikuwa ni kusikilizana. Kiswahili chetu, tukipendacho, nacho chaweza kuwa mgeni mkubwa katika nyumba ndogo. Anayedai Kiingereza kimpe nafasi hana budi kukumbuka kwamba ziko lugha zaidi ya 100 katika nchi yetu zinazoweza kumdai yeye vilevile. Mwalimu atakayeiweka tamthilia hii jukwaani anaweza kuziba pengo hilo kwa urahisi: nyimbo za vita na za kilio ziimbwe kwa lugha za wanafunzi wenyewe.

Pamoja na upungufu huo, mwandishi alifanya uamuzi mmoja ambao chuo kizima kingefaa kuuiga. Aliandika kwa Kiswahili kwanza, na mwaka uliofuata, 1970, yeye mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza. Watu wa nje waliisoma, wakaiigiza na kuiandikia tahakiki. Haikupoteza umataifa kwa kuanzia nyumbani. Mwaka ule ule wa 1969 Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare. Huyu alikuwa anatoa nje, yule alikuwa anaingiza ndani, na wote wawili walipita katika mlango wa Kiswahili. Nyumba yenye mlango namna hiyo haiogopi wageni.

Siku ya utamaduni na siku nyingine

Sasa tuvitazame vyuo vyetu kwa kipimo hicho. Katika vyuo vingi limezoeleka jambo linaloitwa siku ya utamaduni. Wanafunzi wa kila taifa na kila kabila huvaa mavazi yao, hupika chakula chao, hucheza ngoma yao. Wakubwa hupita kutoka banda hadi banda wakionja na kupiga picha. Mimi ni mpenzi wa ngoma na sina ugomvi na sherehe. Naliona kosa lake mahali pengine: kesho yake asubuhi mabanda yamekwisha kubomolewa, na yale yote yaliyoonyeshwa hayamo katika muhadhara, hayamo katika maktaba, wala hayamo katika mtihani. Utamaduni umepewa siku moja, na siku nyinginezo amepewa mwingine. Mwanafunzi wa Rwanda na mwanafunzi wa Ruvuma wameonjeshana vyakula, lakini hawajafanya kazi moja. Hawa wamegawiwa maji bila mafunzo.

Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa na ofisi yangu kumsindikiza mzee mmoja, fundi wa ngoma, kwenye mkutano wa wasomi uliofanyika katika chuo kimoja. Walikuwapo wataalamu wa mabara matatu, na mada ya siku hiyo ilikuwa ngoma za kwetu. Mzee alipiga, kisha akaeleza kwa Kiswahili safi jinsi ngozi inavyowambwa na kwa nini mdundo fulani haupigwi penye msiba. Alishangiliwa sana. Baada ya hapo mazungumzo yakageuka kuwa ya Kiingereza, yakaendelea hivyo kwa muda wa saa mbili. Karibu wote ukumbini walijua Kiswahili, wakiwamo wageni wawili waliokuwa wamejifunza lugha hiyo kwao kwa miaka mingi. Wakati wa kurudi mzee aliniuliza, "Mwanangu, walikuwa wanasema nini juu ya ngoma yangu?" Nilimweleza nilichokipata, na kwa kuwa masomo yangu yaliishia sekondari, si yote niliyoyapata. Tukanyamaza mpaka kwake.

Wale wasomi hawakuwa watu wabaya. Walimpa mzee kiti cha mbele, chakula na nauli. Lakini katika nyumba yake mwenyewe aligeuzwa mgeni, na katika maarifa yake mwenyewe aligeuzwa kitu cha kutazamwa. Mkutano huo bila shaka ulihesabiwa kuwa wa kimataifa kwa sababu ya idadi ya nchi zilizohudhuria. Huyo ndiye Seyyid Said wa vyuo vyetu: kudhani kwamba tunajitegemea kwa akili, huku thamani yetu tunaisubiri itoke katika orodha zinazopangwa kwingine, kwa lugha ambayo mwenye ngoma haijui.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watakaosema kwamba chuo kikiegemea Kiswahili kitawafukuza wageni. Hoja hii ina uzito wake, kwa maana mwanafunzi wa Malawi au Zambia anatujia kwa sababu Kiingereza tunacho sote. Sipendekezi Kiingereza kifukuzwe. Ni dirisha zuri na lina faida yake. Hata hivyo tuangalie wenyeji wengine walifanyaje. Vijana wetu waliokwenda kusoma Ujerumani Mashariki walifundishwa kwanza Kijerumani katika taasisi ya Herder mjini Leipzig. Na waliokwenda Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, walianza na masomo ya Kirusi. Hussein mwenyewe alikwenda Berlin ya Mashariki kwa shahada yake ya uzamivu. Hakuna aliyesema kwamba Wajerumani au Warusi waliwafukuza wageni kwa kuwafundisha lugha ya nyumba. Kinyume chake, wengi wa vijana hao walirudi wakiwa na marafiki wa maisha, kwa sababu waliweza kuzungumza na dereva wa basi na mama wa jikoni, si na profesa peke yake.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakitoshi kwa elimu ya juu. Hao majibu yao yako Mlimani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1981 ikalipatia taifa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Idara ya Kiswahili ilianza mwaka 1970 na ikafundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 2009 vyombo hivyo viwili viliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Huko ndiko Mjapani, Mjerumani, Mchina na Mmarekani wanakokuja kwa hiari yao wakakaa chini kusikiliza Kiswahili. Kwa hiyo mahali tulipokuwa wenyeji kwelikweli ndipo wageni walipotufuata. Nayo dunia imekwisha kutambua zaidi kuliko sisi: mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya kuwa lugha yake ya kazi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kukiruhusu kitumike kufundishia katika ngazi zote. Pamoja na hayo Kiingereza kingali ndicho kinachofundishia sekondari na vyuoni. Neno limetoka, mafunzo hayajaanza.

Ndugu zetu wa Nairobi walituachia fundisho jingine. Mwezi Oktoba 1968, wakati Nairobi na Dar es Salaam zikiwa bado viungo vya chuo kikuu kimoja, walimu watatu, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pashikwe na fasihi ya Afrika. Hawakutaka Shakespeare asisomwe. Walitaka Mwafrika awe kitovu, na wengine wasomwe kwa kuhusianishwa naye. Watu wa asili mbalimbali waliweza kukubaliana juu ya kitovu hicho, wala hakuna aliyelazimika kuacha kwao. Ndivyo tofauti zinavyotunzwa. Huwezi kuwapanga watu katika duara kama hujaamua katikati pawe wapi.

Nini kifanyike

Mapendekezo yangu ni machache, na hayahitaji fedha nyingi. Mwanafunzi yeyote mgeni afundishwe Kiswahili katika miezi yake ya kwanza, na mwenzake mwenyeji apewe jukumu la kumsaidia, ili kazi hiyo iwaunganishe. Kila tasnifu inayohusu watu wa nchi hii iwe na muhtasari wa kutosha kwa Kiswahili, na nakala yake ipelekwe katika shule ya kijiji kilichotoa habari hizo. Mwalimu wa chuo anayetafsiri kitabu muhimu kwa Kiswahili ahesabiwe kuwa ametoa kazi ya kitaalamu, asionekane amepoteza wakati. Na kumbukumbu zile za wazee wa Maji Maji zilizokusanywa mwaka 1968 zitolewe kwa Kiswahili, hata kama tumechelewa, ili wajukuu na vitukuu wazisome.

Kwa walimu wa sekondari nina ombi moja. Msiifundishe Kinjeketile kwa kuwataka vijana wataje sababu nne za kushindwa kwa Maji Maji na kuishia hapo. Waulizeni kwa nini Kinjeketile, akiwa amekamatwa na kubanwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, alikataa. Mwisho huo ni mgumu. Alikwisha kujua kwamba maji hayakuzuia risasi, tena alikwisha kulitilia shaka neno lile la Seyyid Said. Hata hivyo aliona kwamba akilikana, watoto watakaokuja wataamini kuwa kule kuungana kwenyewe kulikuwa kosa. Alitenganisha kosa la dawa na ukweli wa umoja. Kijana akilielewa hilo amejiandaa kuishi na watu wasiofanana naye.

Kwa wanafunzi, baadhi yenu mtafika Mlimani, Dodoma, Makerere, Nairobi, au mbali zaidi. Chumbani mtakuta mtu msiyeijua lugha yake wala chakula chake. Mkaribisheni, mwulizeni habari za kwao, na mjifunze maneno ya kumwamkia mama yake. Kisha mfundisheni na yeye ya kwenu, msione haya. Ukimficha mgeni vitu vya nyumbani kwako kwa kudhani ni duni, utakuwa umemlaza nje huku ukidhani umempa kitanda. Mzee wa ngoma naye bado anangoja kuambiwa walisema nini.